Kigoda cha Mdhamini

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu, Ndugu Mratibu wa Elimu wa Kata, Mchungaji, uliyetufungulia ukumbi huu bila kutuuliza tutautumia kwa saa ngapi, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wenzako, wazee mliosafiri tangu alfajiri kutoka Isongole na Ihanda, wageni wetu mliovuka kutoka Nakonde, wazazi, wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa, na zaidi ya wote wewe, Mwalimu Atuganile, ambaye leo tumekukalisha katikati na kukuvisha shada ambalo naona tayari umeshalivua na kuliweka mapajani: Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum. Mulishani mukwai.

Nimepangiwa dakika kumi. Mshereheshaji amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama, maana ananijua. Kwa wale wasionijua, mimi ni Eliudi Mbonile, baba Sunday, wakala wa forodha hapa mpakani tangu mwaka themanini na saba, na mwenyekiti wa kikundi cha wasomaji kinachoitwa Ijumaa ya Vitabu. Nimeombwa nimuage Mwalimu kwa niaba ya kikundi hicho, kwa kuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kushika chaki, na kesho asubuhi gari litambeba yeye na vyombo vyake kumrudisha kwao Isongole.

Baadhi yenu mmekuwa mkikitazama hiki kigoda hapa mbele, chenye miguu mitatu na madoa ya grisi, mkajiuliza nani amekiweka karibu na meza ya wageni rasmi iliyotandikwa vitambaa vizuri namna hii. Nimekiweka mimi. Kimetoka kwenye karakana ya fundi baiskeli wetu, mzee Manase, yule pale karibu na mlango. Kabla sijamaliza mtajua kimekuja kufanya nini.

Ndugu wageni waalikwa, mnaikumbuka maktaba ya kijiji? Ilikuwa nyuma ya ofisi ya tawi la chama, chumba kimoja, dirisha moja, na daftari la kuazimia lililofungwa kwa kamba. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na mji wetu ukafurika vitu: sabuni za kila rangi, redio za kila ukubwa, marobota ya mitumba. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, maana tulikuwa tumeoga kwa majani ya mpapai vya kutosha. Lakini mwaka tisini na moja chumba kile kilipangishwa duka la nguo, na vitabu vikatiwa kwenye magunia vikapelekwa sokoni kufungia karanga. Ni nani kati yetu alisimama akasema neno? Mimi sikusema. Nilinunua karanga.

Mwalimu naye alinunua karanga. Tofauti ni kwamba yeye alisoma kile kikaratasi kilichozifunga. Alipomaliza upande wa kwanza akageuza wa pili, na alipofika mwisho wa wa pili akarudi sokoni kwa mwendo wa haraka. Muuza karanga, mama Anyitike, Mungu amrehemu, alikuwa akipenda kusimulia mwenyewe. Alimwambia, "Mwalimu, karanga ni zilezile, sijabadilisha." Mwalimu akajibu, "Mama, sitaki karanga. Nataka ukurasa wa arobaini na tatu." Wakalipekua gunia zima wawili hao, wamechuchumaa chini, wateja wamesimama juu yao wanawashangaa. Kesho yake Mwalimu akaja na rundo la mitihani ya zamani ya kufungia karanga, akaondoka na magunia mawili ya vitabu kichwani kwa zamu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulikuwa wanne: Mwalimu, fundi Manase, nesi Anastazia wa kituo cha afya, na mimi. Tukapanga kwamba kila Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Juni, wakati shule zinafungwa na upepo huu wetu wa baridi unawafanya watu wakae jikoni, kila mmoja atamletea mwenzake kitabu kimoja cha kusoma likizo nzima. Kitabu kimoja, kwa mtu mmoja mwenye jina. Leo, kwa wale mnaotazama kalenda, ndiyo Ijumaa yenyewe.

Mwanzoni tulikuwa tukisema "kupendekeza". Mwalimu hakulitaka neno hilo. Alisema ni jepesi, linamwachia mtu nafasi ya kukwepa. Akanigeukia akaniuliza, "Baba Sunday, lori linalopita tu hapa kwetu kwenda Zambia, mzigo wake ukipotea njiani, anaitwa nani?" Nikamwambia anaitwa mdhamini, aliyeweka dhamana kwamba litafika. Akasema, "Basi hilo ndilo neno letu. Sisi tutadhamini."

Tangu siku hiyo kila kitabu chetu kimebandikwa kikaratasi ndani ya jalada la nyuma: kwa fulani, kwa sababu fulani, nakidhamini, na sahihi. Na Mwalimu akaongeza sharti. Kitabu kikimwendea msomaji vibaya, mdhamini wake anaitwa. Anakaa kwenye kigoda, mikono magotini, na msomaji anasema yote aliyonayo moyoni. Mdhamini haruhusiwi kujibu. Hajitetei, hafafanui, hasemi "lakini". Msomaji akimaliza, mdhamini anatamka neno moja tu, "Nimesikia," kisha anainuka. Asipokaa, hana haki ya kumdhaminia mtu huyo kitabu kingine.

Ndugu zangu, kigoda chenyewe ni hiki.

Kimekaliwa na watu. Mzee Manase alikikalia kwa saa nzima Anastazia alipomrudishia riwaya ya mapenzi. Alimwambia, "Fundi, hawa watu wako hawapiki, hawaoshi vyombo, hawaendi kazini, wanalia tu! Nimetoka zamu ya kuzalisha akina mama sita, unanipa watu wa kulia?" Manase mikono magotini, jasho linamtoka na baridi hii. Nimesikia.

Mwalimu mwenyewe alikikalia. Mnamjua mama Nyanzobe, anayepandisha mpunga kutoka Kamsamba. Amekaa pale na mtandio wa njano. Alijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima la Mwalimu, akiwa na wajukuu watatu. Kitabu chake cha kwanza kilihusu magonjwa ya ng'ombe, na Mwalimu ndiye aliyekidhamini. Likizo ilipokwisha, Nyanzobe alikuja na kitabu kimejaa mabua ya mpunga, kila bua kwenye ukurasa wenye kosa. Akasema, "Mwalimu, aliyeandika hapa ng'ombe amemwona kwenye picha." Akaanza bua la kwanza mpaka la mwisho. Na Mwalimu, aliyemfundisha huyu mama kushika kalamu, alikaa kigodani mbele yake na vumbi la chaki bado liko mikononi, akasikiliza mabua yote, halafu akasema, "Nimesikia." Niliona machozi machoni mwake siku ile, na yalikuwa ya furaha. Mwanafunzi wake alikuwa amesoma kitabu mpaka akakishinda.

Mheshimiwa Diwani, umesema muda mfupi uliopita kwamba kikundi hiki ni mfano wa uaminifu katika mji ambao watu wengi hupita tu. Nakushukuru kwa niaba ya wenzangu. Kwa niaba yangu mwenyewe siwezi kukushukuru, na hapo ndipo hotuba yangu ilipokuwa ikielekea tangu niliposimama.

Kwa miaka kumi na minane, mwenyekiti huyu hajakikalia kigoda hiki hata siku moja. Watu husema baba Sunday ana jicho la kuchagua vitabu. Nimeisikia sifa hiyo kwenye harusi na kwenye misiba, nami nimekuwa nikiinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mwaka tisini na nane, mvua zile kubwa zilipokuwa zikimalizika, Mwalimu alimzika binti yake. Happy, kitindamimba wake, darasa la tatu, miaka tisa. Homa ya siku tatu. Wengine wenu mlibeba jeneza, na mnakumbuka lilikuwa jepesi kiasi gani. Mpaka wiki ile mji mzima ulikuwa ukimwita mama yake Mama Happy. Sokoni, kanisani, shuleni, Mama Happy. Baada ya mazishi tukaacha. Hatukukaa kikao tukakubaliana. Kila mmoja aliogopa kivyake, na kwa hofu hiyo tukamnyang'anya jina. Akawa Mwalimu.

Ikafika Ijumaa ya Juni, na zamu ya kumletea Mwalimu kitabu ilikuwa yangu. Nilitaka acheke. Naomba mniamini katika hilo peke yake, nilitaka sana acheke. Nilikuwa nimepata riwaya kwa dereva mmoja wa masafa marefu. Sitaitaja jina, kwa sababu kosa si la kitabu. Ilihusu mama na binti yake wanaouza sokoni, binti ana mdomo mkali, anawatania wateja, na sura mbili za mwanzo zilinichekesha ofisini mpaka makarani wangu wakaja kuchungulia.

Sasa nisemeje? Kazi yetu sisi mawakala ina desturi yake. Lori likija na lakiri ya forodha mlangoni haijakatwa, hatulifungui. Unasoma karatasi ya juu, unatazama lakiri ni nzima, unagonga muhuri, linapita. Nimepitisha maelfu hivyo, na nilikipitisha kitabu kile hivyohivyo. Nilisoma sura mbili na maneno ya jalada la nyuma. Nikachukua kikaratasi nikaandika kwa mwandiko wangu huu mnaousifu: "Kwa Mwalimu Atuganile. Kitabu hiki kitakurudishia kicheko. Nakidhamini mpaka ukurasa wa mwisho." Nikatia sahihi.

Alikwenda nacho Isongole, kwa mama yake, likizo nzima. Mwezi wa nane akakileta ofisini, akakiweka mezani. Akasema, "Nimekimaliza, baba Sunday." Mimi, huku nahesabu nakala za karatasi, nikamuuliza, "Umecheka, eeh?" Alikisogeza kitabu upande wangu. Akasema, "Kimeisha," akaenda zake. Hakuniita kigodani. Nikajipongeza.

Mwaka elfu mbili na moja nilikidhamini tena kitabu kilekile, safari hii kwa Anastazia. Na hata hapo sikuwa nimekisoma. Nilibandika kikaratasi kipya juu ya kile cha zamani bila hata kukitazama. Lakini Anastazia ni mtu anayesoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye boksi la sindano. Wiki ya pili akasimama mlangoni kwangu na sare yake ya kazi.

"Baba Sunday, hiki umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Sura ya tisa umeisoma?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani.

"Yule binti anakufa, baba Sunday. Kwa homa. Na nimebandua kikaratasi chako nikakuta kingine chini yake." Akakiweka kitabu mezani, akaondoka. Tangu siku hiyo hajalirudia jambo hilo kwa mtu yeyote. Asante, dada Anastazia, na pole kwa kulibeba.

Jumapili ile, tulipotoka ibadani, nilijifungia ofisini nikakisoma. Nilifika sura ya tisa. Yule mama wa kitabuni anakunja sare ya shule ya mtoto wake, anaikunjua, anaikunja tena. Nikasimama nikazunguka meza. Nilitaka kukifunga, na mtu yeyote mwenye akili angekifunga pale. Ila baada ya sura ile kuna kurasa sitini nyingine, na ghafla nikaelewa kwa nini Mwalimu hakukifunga. Hakukifunga kwa sababu mimi nilikuwa nimemwandikia "mpaka ukurasa wa mwisho". Aliamini kwamba rafiki yake amekwisha kupita njia ile yote mbele yake, kwamba amekiona kifo kile kitabuni na bado akamwambia endelea, basi lazima kuna kitu anachompeleka kukiona. Alinitafuta katika kurasa sitini. Sikuwemo. Mwishoni hakuna kicheko. Kuna mama anayefungua kibanda chake asubuhi, peke yake, basi.

Halafu nikainua kikaratasi kipya, kile alichokibandua Anastazia, nikakisoma cha zamani. Chini ya maneno yangu, kwa penseli, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao nusu ya ukumbi huu mmejifunzia kusoma, kulikuwa na maneno matatu. "Nimefika. Mama Happy."

Ndugu zangu, mtu akikutana na maneno hayo afanye nini? Sheria aliijua, kigoda alikijua, alikuwa ameshakaa mwenyewe mbele ya mabua ya Nyanzobe. Kutoka ofisini kwangu hadi nyumbani kwake ni mwendo wa dakika saba. Sikwenda. Nilikifungia kitabu kwenye droo ya chini, na kikundi kilipokiulizia nikasema nilimwazima dereva akapotea nacho Nakonde. Wageni wetu kutoka Nakonde, nawaombeni radhi mbele ya watu wote. Miaka minane mmebeba lawama ya kitabu ambacho hakijawahi kuvuka geti.

Niliogopa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Mwalimu si mtu wa kupiga kelele. Nadhani niliogopa kukaa kimya. Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua, nina maelezo ya kila mzigo, na pale kigodani ningetakiwa kusikia bila kueleza kwamba nilikuwa na nia njema. Nia yangu njema ndiyo niliyoitunza miaka yote hiyo, nikaacha yeye atunze yale mengine.

Na yeye hakuniita. Kila Juni alikuja, akapokea kitabu kutoka kwa huyu au yule, akadhamini vyake kwa uangalifu uleule. Mmesikia leo wakisoma wasifu wake: madarasa aliyofundisha, watoto aliowapeleka sekondari, watu wazima waliosaini jina lao kwa mara ya kwanza mbele yake. Yote ni kweli. Ongezeni na hili, kwamba aliweza kukaa chumba kimoja na mtu aliyemuumiza, mara moja kila mwaka, akampisha kiti na kumpa chai, bila kumwaibisha. Kama alifanya hivyo kwa kunihurumia, au kwa kuchoka, au kwa kungoja, sijui. Sijawahi kumuuliza.

Wiki iliyopita kikundi kilipanga Mwalimu aondoke na katoni ya vitabu arobaini, aweke rafu kwenye baraza la nyumba yake kule Isongole, na wenzangu wakanichagua mimi kumdhaminia kitabu cha mwisho. Kila aliyenyanyua mkono alidhani ananipa heshima. Wenzangu, nimekuja bila kitabu hicho. Sina haki ya kukileta. Nilichokuja nacho ni hiki hapa mfukoni mwa koti, kile cha droo ya chini, na vikaratasi vyake vyote viwili. Tangu mwaka ule nimekisoma mara nne. Ni kitabu kizuri, na hilo linanitesa zaidi.

Wanafunzi, ninyi mliokaa chini, niliandaa nasaha ndefu kwa ajili yenu. Nimeikata. Kitabu unachompa mtu, kisome kwanza mpaka mwisho. Basi.

Mshereheshaji, naiona saa yako, namalizia.

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mratibu, Mchungaji, nawashukuru kwa kuja kumheshimu Mwalimu, na mnisamehe kwa kuwafanya mashahidi bila kuwaomba ruhusa. Ningeweza kwenda nyumbani kwake, dakika saba. Lakini uongo nilikuwa nimeusema mbele ya kikundi na sifa nilizipokea mbele ya mji, sasa nikaona si haki yeye apewe ukweli pembeni, jikoni, kama kitu cha kuficha. Mzee Manase, asante kwa kigoda. Umeniuliza asubuhi kama nakihitaji kweli. Ninakihitaji.

Mama Happy.

Nimekuita jina lako. Miaka kumi na moja nilikuwa na nafasi ya kukuita, na ulikuwa umeliandika mwenyewe kwa penseli ili tulisome. Nakuja kukaa hapa mbele yako, mikono magotini. Ukiwa na la kusema, sema lote, hata likifika jioni. Gari lako linaondoka kesho. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nami sitainuka mpaka utakapokuwa umemaliza kunyamaza. Neno langu lililobaki ni lile moja, na sitalitamka kabla ya wakati wake.

Ninyi nyote mmenisikiliza kwa subira kubwa kuliko niliyostahili, asanteni. Kipaza sauti hiki nakiweka mkononi mwa Mama Happy. Mimi nakaa.